Miaka minne isiyo yake yamfungia Rosebellah lango la polisi

Saa kumi na mbili kasoro robo, Ijumaa. Juu ya paa la jengo la orofa nne mtaani Malaz, Riyadh, Rosebellah Naliaka anakimbia na haendi popote.

Anaanzia kwenye tangi la maji, anainama chini ya kamba za nguo, anakata kona penye mitambo ya kupoza hewa, anarudi tangini. Miguuni ana raba za mvulana wa tajiri wake, zilizotupwa kwa kosa la rangi tu. Mizunguko mia moja na kumi, kwa makadirio yake, ni kilomita tano. Makadirio yenyewe aliyapiga kwa hatua, kwa hivyo huenda ni nne na nusu. Hajali. Hakuna anayempima.

Chini, wenye nyumba wameswali alfajiri wakarudi kulala. Ijumaa hawaamki kabla ya saa nne. Huo ndio muda wake, na baridi ya Desemba ni yake pia.

"Siku ya kwanza madam alisikia vishindo akadhani ni mwizi," anasema akihema, mikono kiunoni. "Siku ya pili akadhani ni jini. Siku ya tatu akapanda mwenyewe, akanikuta. Akaniuliza, 'Rosa, nani anakufukuza?' Nikamwambia, 'Mafi, madam. Hakuna mtu.' Akasema afadhali ingekuwa jini."

Rosebellah anafanya mazoezi ya kujiunga na polisi wa Kenya. Usajili wa makurutu ulifanyika mwezi uliopita. Hakuwepo.

"Najua umepita," anasema. "Lakini miguu haijaambiwa."

Ana hadi Alhamisi ijayo kumpa madam jibu: atie saini miaka miwili mingine ya kazi za nyumbani, au mkataba ukiisha Februari afungashe virago arudi Bungoma kuutafuta upolisi. Jambo jepesi, ungedhani. Mtu anataka kazi, anaiendea.

Tatizo ni kwamba Rosebellah ana miaka ishirini na mitano, lakini kitambulisho chake, pasipoti yake, na ikama yake, ile karatasi inayomruhusu kuishi Saudia, vyote vinaapa kwamba ana ishirini na tisa. Polisi huchukua vijana wasiozidi ishirini na nane. Amepitwa na mwaka mmoja, na mwaka wenyewe hata hajauishi.

Alipoulizwa kama jina lake libadilishwe katika habari hii, alicheka kicheko kikavu.

"Miaka walishabadilisha," akasema. "Jina niachieni."

Hamu ya kuvaa sare ilimwingia akiwa na miaka kumi na mmoja, ile ya kweli. Ng'ombe wa pekee wa mama yake aliibwa usiku, huko kwao Bumula, kaunti ya Bungoma. Mama akazunguka ofisi tatu kwa siku mbili, kila mahali akisimama mlangoni kama aliyekuja kuomba chumvi. Siku ya tatu akafika kituo cha polisi, mkono mmoja umemshika Rosebellah.

Askari wa kike aliyekuwa zamu aliinuka, akasukuma kiti chake mwenyewe, akasema, "Keti mama, halafu tuanze mwanzo."

Ng'ombe hakupatikana. Lakini Mama Rosebellah alikisimulia kile kiti mpaka majirani wakaanza kumkwepa kisimani.

"Mpaka leo ukimtajia polisi, mama hasemi ng'ombe," anaeleza Rosebellah. "Anasema kiti. Mimi nikaamua nitakuwa yule mwenye kutoa kiti."

Alimaliza kidato cha nne mwaka wa 2018 akiwa na alama zinazotosha kabisa kuingia polisi. Urefu alikuwa nao. Meno yote yapo, na hilo si jambo dogo, maana makurutu hukaguliwa meno kama farasi wa kuuzwa. Mbio ndizo usiseme. Shuleni alikuwa akikimbia mita elfu tano na kurudi darasani kabla mwalimu hajafuta ubao.

Alikuwa akiungoja usajili. Njaa haikumngoja. Akauza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni miaka mitatu, akisubiri zamu yake, na mwishoni mwa 2021 badala ya tangazo la polisi akaja Brayo.

Brayo alikuwa wakala wa kupeleka wasichana Uarabuni, kijana wa viatu vilivyochongoka mbele kana kwamba vinatafuta njia peke yavyo. Aliketi sebuleni kwa Mama Rosebellah, akanywa chai vikombe viwili, akamtazama binti kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Una miaka mingapi, sister?"

"Ishirini na mmoja."

"Huko wanataka ishirini na tano kwenda juu. ID umechukua?"

"Bado."

"Basi Mungu anakupenda."

Mpango wake ulikuwa huu: kwa kuwa Rosebellah hakuwa na kitambulisho, kingeombwa kipya, na humo mwaka wa kuzaliwa ungeandikwa 1996 badala ya 2000. Karatasi za kuunga mkono angezileta yeye Brayo. Zilikotoka, asiulizwe.

"Mama, hapa tunamkomaza tu kwenye karatasi," alisema.

"Unataka kumvundika mtoto wangu kama ndizi?" mama akauliza.

"Na ndizi ya kuvundikwa si huliwa, mama?"

Ndizi ya kuvundikwa huliwa kweli. Ila hakuna aliyewahi kuiuliza ndizi ilijisikiaje mle shimoni.

Palikuwa na jambo jingine ambalo Brayo, asiye mtu wa Bungoma, hakulijua. Tarehe aliyochagua ilikuwa ya kwanza Januari. Na kwa Wabukusu jina hutunza majira: Naliaka ni binti aliyezaliwa wakati wa palizi. Rosebellah alizaliwa tarehe tisa Mei, mahindi yakiwa magotini, mama yake akaliacha jembe katikati ya mstari.

"Januari nani anapalilia?" mama akamuuliza Brayo. "Kama ni Januari angeitwa Nasimiyu, mtoto wa kiangazi."

"Mama, Waarabu hawajui palizi."

Hilo ni kweli, hawajui. Lakini ofisa yeyote wa Bungoma akikishika kitambulisho hicho atanusa uongo kabla hajafika kwenye picha.

Rosebellah hajisafishi. "Nisiseme nililazimishwa," anasema. "Nilitia kidole kwenye fomu mwenyewe. Wakati ule nilikuwa naona ndege tu."

Februari 2022 aliiona kwa ndani.

Nyumba aliyofikia si mbaya, na anataka hilo liandikwe. Baba mwenye nyumba ni mwalimu, hana maneno. Madam anayo, ila hana mkono wa kupiga. Mshahara ulianza riyal mia tisa kwa mwezi, sasa ni elfu moja na mia moja, na sehemu kubwa huenda Bumula. Mama ana nyumba ya mabati mapya na mdogo wake, Stacy, amemaliza chuo cha ushonaji.

Kazi kuu ya Rosebellah ni mama mzazi wa mwenye nyumba, kikongwe wa miaka themanini na kitu, ambaye nyumba nzima humwita Yumma, yaani mama. Yumma hatembei tena, na kumbukumbu zake zinamtoka mojamoja kama wageni wanaoaga. Rosebellah humwogesha, humlisha, humpa dawa, na husukuma kiti chake cha magurudumu. Siku nyingine Yumma humwita kwa jina la bintiye aliyekufa. Rosebellah huitika.

Rafiki yake ni mmoja, Charity, msichana wa Murang'a anayefanya kazi nyumba ya chini yake. Majiko yao yana madirisha yanayotazamana na kisima cha hewa katikati ya jengo, kwa hivyo mmoja akiinamisha kichwa na mwingine akiinua, habari hupita. Wenyewe hukiita kile kidirisha "redio". Matangazo huanza madam wote wawili wakiingia kuoga.

Ilikuwa kwenye redio hiyo, mwishoni mwa Oktoba, Rosebellah alipopiga kelele.

"Chari! Polisi wametangaza!"

"Wametangaza nini? Wamemshika nani?"

"Wanaandika watu! Kumi na nane hadi ishirini na nane!"

Chini blenda ikanguruma, ikazimwa.

"Pole, dada. Si wewe ni ishirini na tisa?"

"Mimi ni ishirini na tano."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe!"

Ikabidi aeleze yote, akinong'ona, kichwa nje kama kobe. Alipomaliza, Charity hakumhurumia. Alikuwa na kesi yake.

"Ngoja kwanza. Mimi ni wa tisini na saba. Nimekuita dada karibu miaka minne. Kila Ijumaa tukila kuku huko juu nakupa paja, mimi nakula shingo."

"Si ulisema unapenda shingo?"

"Nilikuwa na heshima, Rosebellah! Nani anapenda shingo? Heshima yangu yote naitaka, na irudi leo!"

Walicheka mpaka madam wa chini akabisha mlango wa bafu kuuliza kuna nini. Kisha Charity akainua tena uso, na safari hii hakuwa anacheka.

"Na sasa utafanyaje, mdogo wangu?"

Rosebellah anasema hapo ndipo machozi yalipomtoka. Tangu atue Riyadh hakuna aliyewahi kumwita mdogo.

Mtu wa kwanza aliyempigia ni Brayo. Alishangaa simu ilipopokelewa.

"Sister! Unaendelea aje? Unataka kubadilisha nyumba?"

"Nataka kubadilisha umri. Nirudishie miaka yangu."

"Aaa, hiyo sasa ni ngumu. Kupandisha ni rahisi, kuteremsha ndiyo kazi. Hata wewe angalia bei ya unga."

Akakata. Tangu siku hiyo nambari hiyo haipatikani.

Mtu wa pili alikuwa Zablon. Zablon anaendesha foklifti katika ghala moja kule Al-Sulay, eneo la viwanda, lakini Wakenya wa Riyadh humwita Wakili. Aliwahi kuwa karani wa wakili mjini Webuye kwa miaka sita, mpaka wakili mwenyewe akamfukuza kwa kuwashauri wateja mlangoni kabla hawajaingia kulipa. Ushauri wake siku hizi hutolewa bure kwa ujumbe wa sauti, na huwa mrefu, huku nyuma foklifti ikilia pii, pii, pii.

"Dada Rosebellah, sikiza vizuri," ulianza ujumbe wake, wa dakika saba. "Njia ya kwanza, uende na hiyo ID. Utafika langoni, wataisoma, utarudi nyumbani. Njia ya pili, uende na cheti chako cha kuzaliwa cha kweli. Kiko?"

Kipo. Mama yake amekihifadhi ndani ya Biblia, kimeandikwa tarehe tisa Mei, mwaka wa 2000.

"Vizuri. Utaapa, utaomba kitambulisho kisahihishwe. Lakini watakuuliza, hiki cha kwanza kilitoka wapi? Utajibu nini?"

"Nitasema ukweli," Rosebellah akamrekodia.

"Ukweli nao una kifungu chake cha sheria. Kudanganya ili upate kitambulisho ni kosa. Ukishtakiwa una rekodi. Na mwenye rekodi polisi hawamchukui. Sasa umeona? Ukinyamaza, umezeeka. Ukisema, umekuwa mhalifu."

"Na njia ya tatu?"

Pii, pii, pii. "Ya tatu ni kuolewa na askari."

Kulikuwa na njia ya nne, na aliyeileta ni Stacy, kwa nia njema kabisa. Stacy ana miaka ishirini na miwili, amefanana na dadake kama vikombe vya seti moja, na upolisi hautaki hata kwa dawa. "Chukua vyeti vyangu, dada," alimwambia. "Mimi hapa nina cherehani, vitaniozea tu."

Rosebellah anakiri kwamba kwa siku mbili aliikubali moyoni. Alilala nayo, akapika nayo. Siku ya tatu, akimchana Yumma nywele, akajiona amevaa sare, kifuani jina la Stacy.

"Nikajiuliza, nitaitika jina la mdogo wangu mpaka nistaafu? Na nikipigwa risasi kazini, watamzika Stacy?"

Akamwambia ashone nguo.

Pamoja na hayo yote, aliomba ruhusa. Hajui kwa nini. Labda, anasema, alitaka tu kusimama kwenye ule mstari, afukuzwe kwa miguu yake mwenyewe kuliko kufukuzwa kwa simu. Alimfuata madam sebuleni, akamweleza kwa Kiarabu chake cha jikoni kwamba anataka wiki mbili aende kwao kujaribu kuwa polisi.

"Polisi?" madam akamtazama. "Wewe? Unaogopa mende!"

"Mende si mhalifu, madam."

"Na Yumma nani atampa dawa? Wiki hiyo tunakwenda Jeddah, shule zimefungwa." Kisha, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema: "Rosa, una miaka ishirini na tisa. Rudi kwenu uolewe. Polisi ni kazi ya watoto."

Rosebellah akasema sawa, akaenda chooni, akajitazama kwenye kioo.

"Na nikaona kweli," anasimulia. "Nikaona mistari hapa, chini ya macho. Mgongo unauma. Nasema 'jamani' nikikaa chini. Nilidhani nilidanganya karatasi, kumbe karatasi inanivuta. Huo mwaka wa tisini na sita unakuja kunichukua."

Kwa hivyo siku ya usajili ilimkuta Jeddah, ambako familia ilikodi nyumba karibu na bahari. Saa za Jeddah na za Bumula ni moja, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu hakuweza hata kujidanganya kwamba kwao bado ni usiku. Saa mbili asubuhi, wakati vijana wa kwao wanaitwa kukimbia, yeye alikuwa kwenye njia ya waenda kwa miguu ufukweni, akimsukuma Yumma apunge upepo.

Simu ikatetemeka. Stacy alikuwa amepita uwanjani kumchungulilia, akatuma video. Vumbi. Foleni ya wasichana, viatu mkononi. Ofisa mwenye saa shingoni. Halafu sauti, "Haya, nendeni!"

Rosebellah hakumbuki kuamua. Anakumbuka tu kwamba kiti kilianza kwenda mbio.

Kwanza taratibu, kisha kwa hatua ndefu, kisha kasi yote. Abaya ikajaa upepo kama tanga. Mwanamume aliyekuwa akikimbia na viatu vya bei ya mshahara wa Rosebellah wa miezi miwili akaruka pembeni. Wengine wawili wakapitwa bila kuagwa. Mtoto mmoja aliyekuwa na baiskeli akajaribu kushindana, akakata tamaa. Na Yumma, ambaye kwa wiki nzima hakuwa ametoa neno, akashika mikono ya kiti, ushungi unapepea, akapaza sauti ya kuhimiza, "Yalla, Rosa! Yalla! Yalla!"

Alikimbia mpaka njia ikaisha. Mbele kulikuwa na ukuta mfupi, na bahari. Akafunga breki za kiti, akachuchumaa pale chini, akalia kwa sauti, watu wakipita.

Yumma alimngoja. Kisha akachukua ncha ya ushungi wake, akampangusa uso, akamuuliza kama anayekutana naye kwa mara ya kwanza.

"Una miaka mingapi, binti?"

"Ishirini na mitano," Rosebellah akamjibu kwa Kiarabu.

"Bado mtoto," akasema Yumma. "Usilie. Bado mtoto kabisa."

Rosebellah anasimulia hayo akitazama pembeni. "Katika nyumba ile ni yeye peke yake anayejua umri wangu. Na kabla hatujafika mlangoni alikuwa ameshasahau."

Jioni Stacy alileta matokeo. Wasichana walikuwa mamia, na waliochukuliwa wangetosha kwenye benchi moja la kanisa. Mmoja wao alisoma na Rosebellah.

"Yule nilikuwa namwacha kona nzima," anasema. Halafu anajirekebisha. "Lakini amepata kwa haki yake. Vyeti vyake havina utani."

Waliporudi Riyadh, madam alikuja na karatasi. Miaka miwili mipya, nyongeza ya riyal mia mbili kila mwezi, na likizo ya mwezi mmoja katikati. Kwa mizani ya Malaz huo ni mkono mwema, na madam alionekana kushangaa mwenyewe kwa ukarimu wake. Ajibiwe Alhamisi.

Akitia saini, atatoka hapo akiwa na miaka ishirini na saba ya kweli na thelathini na miwili ya karatasi. Kuondoa kosa kwenye kitambulisho, Zablon anamwambia, kunaweza kula mwaka mzima au zaidi, hata mambo yakienda vizuri. Hesabu hiyo haihitaji foklifti kuinuliwa. Akitia saini, sare imekwenda. Asipotia saini, sare haijaja, na mshahara umekwenda. Na usajili mwingine utakuwa lini, hakuna ajuaye.

Mama yake aliulizwa kwa simu. Rosebellah alisikia kuku tu.

"Mimi nilimpa Brayo chai," mama akasema hatimaye. "Vikombe viwili. Siwezi kukushauri."

Charity naye alishauri kwa njia yake. "Tia saini, mdogo wangu. Huko nyumbani utakuwa maskini mwenye umri mdogo. Hapa una angalau kuku wa Ijumaa."

"Kuku mwenyewe sasa unanipa shingo."

"Haki yako! Mkubwa ni nani?"

Jumanne, siku mbili kabla ya muda kwisha, Rosebellah alimkuta madam jikoni akionja mchuzi. Karatasi ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Akaifunika kalamu kifuniko chake.

"Madam, sitatia saini. Februari naomba viza ya kutoka moja kwa moja."

Madam akaweka kijiko chini. "Bado ni hiyo polisi?"

"Ndiyo, madam."

"Wamekuita?"

"Hapana."

"Watakuita?"

"Sidhani."

Madam akauliza, sasa anarudi kufanya nini?

"Kwanza nitaenda kujishtaki," Rosebellah akasema.

Madam alicheka sana, akidhani ni mzaha wa Kiafrika. Akamsimulia hata mumewe. Lakini usiku huo hakumletea karatasi tena, na asubuhi alimkuta Rosebellah akimwosha Yumma miguu, akasimama mlangoni, akaondoka.

Mpango wenyewe ni mfupi. Atatua Nairobi mwishoni mwa Februari, achukue basi la Bungoma, alale usiku mmoja kwa mama. Kesho yake watakwenda wawili kituo cha polisi, na cheti cha kuzaliwa mkononi, na kitambulisho chenye uongo katika mkono wa pili. Zablon anamwandalia maelezo ya kurasa tatu, na amemsihi asiende bila wakili halisi, yaani yule mwenye leseni. Kuna uwezekano wa kusamehewa kwa kuwa amejileta mwenyewe. Kuna uwezekano wa faini. Kuna uwezekano wa kesi, na kesi ikiwepo, sare haitavaliwa kamwe. Alipobanwa ataje nafasi ya Rosebellah ya kuwa askari siku moja, Wakili alizima foklifti kabisa.

"Kwa kumi," akasema, "moja. Na hiyo moja ni kwa sababu nampenda kama dada."

Rosebellah amelisikia jibu hilo. Haliongezei wala halipunguzi. Anasema amechoka kujibu maswali ya umri kwa kuangalia kadi kwanza.

"Wakinisamehe, nitarudi kwenye foleni mpaka mwaka wa ishirini na nane unifukuze wenyewe, ule wa kweli," anasema. "Wasiponisamehe, wanifungie ndani. Lakini kabla ya kufunga mlango lazima waandike kwenye kile kitabu chao, jina na umri. Nitasimama pale mezani nimwangalie anayeandika, na sitaingia mpaka nione ameandika ishirini na mitano."